Mbio za Kumrudisha Barke

Jumatatu, 15 Novemba 1999

Naanza shajara hii kwa sababu za kitaalamu. Si upweke. Mwalimu Erastus, mpangaji wangu wa chumba cha uani, anasema mtu anayetaka kujua kama kumbukumbu yake inaimarika aandike kila siku anayoyakumbuka. Basi naandika.

Ninayoyakumbuka: mimi ni Stambuli, wa Junda, Kisauni, karani mstaafu wa bandari, miaka hamsini na tisa. Mke wangu Barke yuko Likoni kwa kaka yake. Wiki ya tano sasa. Alikwenda hospitali, upande wa Port Reitz, kupasuliwa jicho la kulia lililokuwa na mtoto wa jicho. Mimi nilitakiwa nimfuate saa sita mchana. Nikakaa barazani kwa Mwinyihaji nikicheza dhumna. Nilipokumbuka, alasiri ilikuwa inaadhiniwa. Barke alikuwa ametoka, akatazama benchi, hakuona mtu wake. Akasubiri na kitambaa jichoni. Mwishowe akashikwa mkono na mtu asiyemjua mpaka kwenye gari, na gari alilochagua ni la kwenda feri, si la Kisauni.

Hilo la kushikwa mkono na mtu asiyemjua linaniuma kuliko yote. Sijui kwa nini.

Leo Mastura, mke wa kaka yake, amekuja na ujumbe. Hata maji hakunywa. Alisema Barke hataki radhi wala zawadi. Anataka jambo moja tu. Asubuhi ile, kabla hajatoka, alinena nami hapa mlangoni. Nikimwambia alinena nini, atarudi siku hiyo hiyo.

Alinena nini? Naukumbuka mlango. Nalikumbuka buibui lake na mkoba wa kahawia. Nakumbuka redio ilikuwa ikitoa matokeo ya mpira. Mdomo wake nauona ukienda. Sauti hakuna!

Ramadhani imebakisha wiki tatu na siku kidogo. Kufuturu peke yangu siwezi. Nimeshajaribu kula chakula cha mchana peke yangu, na hicho tu kinanishinda.

Jumanne, 16 Novemba

Habari kubwa! Erastus ana jarida la sayansi. Wataalamu wa Amerika wamechukua panya, wengine wakawapa gurudumu la kukimbilia, wengine wakawaacha wakae tu. Waliokimbia wakaota chembe mpya za ubongo. Si popote, bali pale hasa panapotunza kumbukumbu, kijisehemu kilichopinda kama korosho. Wakitupwa kwenye beseni la maji kutafuta mahali pa kusimama palipofichwa, panya wa mbio walijifunza haraka kuliko wale wa kukaa. Na kumbe sisi tulisoma kwamba ubongo ukishakomaa hauongezeki tena!

Nilimwuliza kama mtu anaweza kukimbiliwa na mwingine. Akasema hapana. Nikamwuliza kuhusu kukaa nyuma ya baiskeli inayoendeshwa na kijana mwenye nguvu. Akasema nguvu itakwenda kwa kijana na chembe pia zitakwenda kwa kijana. Walimu hawa wa bara hawana njia ya mkato hata moja.

Akaongeza kwamba panya walikimbia kwa wiki kadhaa kabla ya kupimwa. Nikamkumbusha kwamba panya hakufanya kazi ya ukarani miaka thelathini. Mimi siku kumi zitanitosha.

Alhamisi, 18 Novemba

Nimeanza. Ndani ya nyumba, bila shaka. Mtu mzima kukimbia barabarani hapa Junda ni kujitafutia maneno. Kutoka mlango wa mbele hadi jikoni ni hatua kumi na nne. Nikaamua kwenda na kurudi mara mia.

Mara ya thelathini na moja nimepiga kidole gumba kwenye mguu wa cherehani ya Barke. Nimekaa sakafuni muda mrefu. Cherehani bado ina kitambaa cha shuka alilokuwa akilikunja pindo, sindano imesimama katikati. Sikuigusa.

Baada ya hapo nikabadilisha mbinu. Kutwanga! Mikono, mgongo, jasho, na mguu unapumzika. Nikatoa kinu uani, nikatia mchele kidogo, nikatwanga kwa nguvu zote. Kichwa cha Mwinyihaji kikatokeza juu ya ua. Alinisalimu kwa adabu zake zote, akauliza habari za afya, kisha akauliza kama napokea kazi za watu, maana mkewe ana mchele wa kutwangwa kwa ajili ya mikate ya vibibi. Kufikia magharibi baraza zima lilikuwa likiniuliza bei.

Mwinyihaji hasahau kitu, hilo ndilo tatizo lake. Anakumbuka kete zote zilizokwisha kuchezwa. Anakumbuka mwaka niliooa, na kanzu niliyovaa, na kwamba ilikuwa ya kuazima.

Jumamosi, 20 Novemba

Inafanya kazi! Wallahi inafanya kazi!

Leo nimekimbia ndani mara themanini bila ajali. Jioni, dhumna. Nilijua Mwinyihaji ameficha ile kete ya tano na nne. Nilijua tangu mwanzo! Nikamfungia mchezo mara mbili mfululizo, jambo ambalo halijatokea tangu tuhamie mtaa huu. Alizihesabu kete upya akidhani moja imepotea. Nikamtajia na mvua iliyotukatiza mchezo mwaka wa themanini na nne, na nani alikuwa anaongoza. (Mimi.)

Nikarudi nyumbani na ushindi wangu, nikafungua mlango, nikasema kwa sauti, "Barke, leo nimempiga." Kisha nikafunga mlango. Nimepika wali, na bila kufikiri nimepika wa watu wawili.

Mlangoni pale, hata hivyo, bado sauti hakuna. Nimesimama mahali niliposimama siku ile. Nimefungua hata redio. Nimetazama mahali alipokuwa mdomo wake. Ninakumbuka timu zote zilizofunga na dakika za mabao.

Jumatatu, 22 Novemba

Nimejaribu njia fupi. Nimempigia Mastura simu kwa jirani yake nikamsomea makisio kumi na saba. Kwamba funga madirisha mvua ikija. Kwamba usisahau dawa yako ya presha. Kwamba samaki yuko kwenye bakuli. Kwamba Mola akulinde. Hili la mwisho nililiwekea matumaini, ni neno zuri.

Jibu limekuja jioni: hakuna hata moja, na Barke ameomba nisimfanye kama bahati nasibu.

Nikaenda kumlalamikia Erastus. Alikuwa anasahihisha madaftari, hakuinua kichwa. Akasema ameniwazia sana. Mazoezi yanasaidia ubongo kupokea na kuhifadhi, damu inapita vizuri, chembe mpya zinashikana na za zamani. Hayo ni kweli. Kisha akaweka kalamu.

"Lakini mzee, kile ambacho hakikuingia hakiwezi kutoka. Huenda siku hiyo hukumsikiliza."

Nikamwambia hajaoa. Nikamwambia pia kwamba panya ni panya na mume ni mume. Kijana mwenye akili, lakini hajui mambo ya nyumbani. Shida yangu ni mbio za ndani, kwa kuwa hatua kumi na nne ni kama gurudumu dogo mno. Panya alikuwa na gurudumu la kumtosha. Mimi ni mtu mkubwa, nahitaji barabara.

Alhamisi, 25 Novemba

Sijui nianzie wapi. Nitaandika kwa mpangilio kama karani.

Baada ya sala ya alfajiri nilivaa fulana, nikapiga ubwinda kikoi changu, pindo katikati ya miguu hadi kiunoni nyuma, nikatoka pekupeku kwa sababu kidole gumba bado hakiingii kiatuni. Nikaanza kukimbia kuelekea Mishomoroni. Nilipita mbele ya nyumba ya Mwinyihaji. Alikuwa kizingitini na mswaki mdomoni. Aliniita. Erastus alisema mapigo ya moyo yasikatizwe, kwa hiyo nilimpungia tu mkono nikaendelea. Jasho lilikuwa linaniingia machoni, nadhani nilikuwa najifuta.

Ni kosa langu kutofikiri. Mtu wa makamo, pekupeku, ubwinda, anafuta macho, hajibu salamu, alfajiri, na mkewe anauguza jicho Likoni. Mtaa huu haujui sababu mbili za mtu kukimbia hivyo.

Nilirudi kwa njia ya nyuma, ya minazini, saa moja na nusu baadaye. Mbali sana! Nikaona vijana wanafunga turubai mtaani kwetu. Nikaona mabenchi yanashushwa. Nikajiambia kuna aliyefariki. Nikashika benchi upande mmoja, nikasaidia kulipeleka. Sikuuliza nani. Haiulizwi hivyo hapa kwetu, mtu unashika kazi, habari utazipata. Nilipotua benchi ndipo nilipoona tumelitua mbele ya mlango wangu.

Mwinyihaji akaja akanikumbatia. Mwinyihaji! Akaniambia makiwa, kama anavyoambiwa mfiwa. Ndevu zake zilikuwa zimelowa. Akasema Barke alikuwa kama dada yake, na kwamba hakuna mtu aliyemwuliza hali yake kila asubuhi kupitia juu ya ua kama Barke.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Naliandika wazi ili asije akalisema mwingine. Hapo ndipo.

Lakini kwanza nilikuwa sina pumzi. Halafu mtu akanivika kanzu. Mwingine akanikalisha kwenye kiti. Mwinyihaji akaweka mkono wake begani kwangu na hakuuondoa. Wiki sita hakuna mtu aliyenigusa bega. Kahawa ikaletwa, ile chungu, na kikombe nikashikishwa mkononi kama mgonjwa. Watu arubaini, pengine hamsini. Ndani nilisikia sauti za wanawake, sahani, maji yanamiminwa, mlango wa jikoni unafunguka na kufungwa. Nyumba yangu ilikuwa na sauti. Nikajiambia nitawaambia baada ya kahawa.

Baada ya kahawa walianza kusoma, na huwezi kumkatiza mtu anayesoma. Baada ya kisomo nikasikia harufu ya pilau. Nikasema basi, wakishakula. Mtu akauliza kwa upole maziko ni wapi na saa ngapi, nikalia. Nililia kweli. Nikaachwa nilie, wakajibiana wenyewe kwamba bila shaka ni Likoni.

Na kumbe kuna mtu aliyekwishavuka feri kwenda kuipa familia pole. Alimkuta Barke uani anachambua mchele.

Barke alifika saa tano na nusu. Miwani myeusi, buibui, Mastura nyuma yake. Mzee mmoja aliyekuwa akisoma alisimama na kukaa tena. Barke aliwasalimu wote, akauliza ni nani aliyefariki. Akaingia ndani. Nilisikia kishindo cha sinia, kisha sauti yake, ile ile, akiwaambia wanawake wampishe akaone jikoni pilau isiungue.

Hakumfukuza mtu. Alisema chakula kimeshapikwa na watu wamejichosha, wakae wale. Wakala, kila mmoja akinitazama kwa pembe ya jicho. Mwinyihaji aliondoa mkono wake begani kwangu. Aliuondoa taratibu, bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akasema ataikumbuka siku hii. Najua ataikumbuka.

Walipoondoka, Barke akaja akakaa kwenye benchi, nafasi ya mtu mmoja kati yetu.

"Mbona hukuwaambia?"

Nikamweleza kuhusu panya. Nikaeleza yote: gurudumu, chembe, korosho, beseni la maji. Nadhani nilieleza vizuri. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza tena, mbona hukuwaambia watu kwamba mimi ni mzima. Nikasema nyumba ilikuwa imejaa. Nikasema ilikuwa kimya sana kabla ya hapo. Sikupanga kusema hivyo, lilitoka tu.

Akavua miwani. Jicho la kulia limepona, jeupe, zuri. Akanitazama nalo.

"Siku ile mlangoni nalikwambia naogopa. Ukaniambia, 'Haya.'"

Akaniambia kwamba tarehe saba Desemba anapasuliwa jicho la pili, pale pale. Hatanitumia mtu kunikumbusha. Nikija nikakaa kwenye lile benchi, na akitoka akanikuta, atarudi nami Junda na Ramadhani tutafunga pamoja. Nisipokuwepo, asitafutwe tena Likoni. Akapanda gari na Mastura.

Vijana wamefungua turubai. Mabenchi yamekwenda. Pilau imebaki sufuria nzima, na mimi peke yangu.

Jumapili, 28 Novemba

Barazani hakuna anayenipangia kete. Nikikaa, mchezo unakuwa tayari umetimia watu.

Haidhuru. Nimewaza sana kuhusu yale aliyosema Barke na nimeona wazi kosa lilipo. Ubongo wangu siku ile ulikuwa mdogo. Neno jepesi kama "naogopa" liliteleza kwa kukosa chembe za kulishika. Ungekuwa umefanyishwa mazoezi, lingekaa. Nimemweleza Erastus. Akasema hiyo siyo maana aliyoipata yeye katika hadithi ile. Basi ndiyo tofauti ya kusoma kitabuni na kuishi.

Nimemwomba anifundishe kupima mapigo ya moyo. Unaweka vidole kwenye kifundo cha mkono, unatazama saa, unahesabu dakika nzima bila kukosea. Baada ya mbio yanatakiwa yafike mia na kitu. Ndipo ubongo unapopokea.

Tarehe saba nimeiandika ukutani, mlangoni, na kwenye mkono wangu. Nakimbia asubuhi na jioni. Watu wameshazoea. Hakuna anayefunga turubai tena.

Jumanne, 7 Desemba

Naandikia hospitalini, juu ya benchi lenyewe. Nimefika! Saa moja na robo, mtu wa kwanza! Nilishuka kwenye gari mbali makusudi, nikakimbia kipande kilichobaki ili nifike na chembe zangu ziko macho.

Barke alikuja saa mbili na Mastura. Aliponiona alisimama. Kisha akaja akakaa, safari hii bila nafasi kati yetu. Akasema nimekonda. Akanitengenezea ukosi wa shati. Mastura alisema maadamu mimi nipo yeye hana haja ya kusubiri, akaaga akarudi Likoni. Erastus angeona! Mwinyihaji angeona!

Nusu saa hivi tulikaa. Ndiyo nusu saa nzuri kuliko zote tangu Oktoba. Nilikuwa na amani, isipokuwa jambo moja. Niligundua kwamba kwa kukaa kule, mapigo yangu yanashuka. Basi muuguzi alipomwita, nikasimama nikamsindikiza mpaka mlangoni, na nikaanza kuhesabu ili nijue kama ubongo uko tayari kupokea lolote.

Pale mlangoni Barke akanishika vidole viwili vya mkono wenye saa. Akaniambia jambo. Lilikuwa fupi. Mimi nilikuwa nimefika sabini na mbili na zilibaki sekunde kumi, na ukikatiza inabidi uanze upya. Nikaitikia kwa kichwa. Nikasema inshallah, ambalo ni jibu linalofaa kwa karibu kila kitu. Akanitazama kidogo, akaniachia vidole, akaingia.

Themanini na tano! Chini mno. Ndiyo maana sikulipata.

Lakini sina wasiwasi. Limeingia, nina yakini limeingia, maana safari hii chembe zipo. Linahitaji tu damu lipande juu. Muuguzi anasema kupasua hakuchukui muda, atatoka wakati wowote, na nisiondoke hapa. Nimemwelewa kabisa. Ni kuzunguka uwanja wa hospitali mara nne tu, tano nikiwa na pumzi, ili akitoka niwe tayari na jibu lake. Nimemwomba mama mmoja aliyekaa hapa jirani, simjui, anilindie nafasi yangu kwenye benchi, na mke wangu akitoka kabla sijarudi, amshike mkono.